Uteuzi wa vikosi vya State of Origin: kocha akipoteza mchezo wa kwanza, abadili wachezaji au awaamini walewale?

#1 Mwanzisha uzi

Wadau wa raga, naomba tujadili jambo ambalo huzua ubishi kila mwaka ifikapo Mei, pale makocha wa New South Wales na Queensland wanapotangaza vikosi vyao vya State of Origin. Kwa wale waliozoea raga ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji saba iliyoipatia Kenya jina, hii tunayoizungumzia ni raga ya wachezaji 13, ambayo timu ikikabwa mara sita huusalimisha mpira kwa wapinzani. Majimbo haya mawili ya Australia hukutana mara tatu katikati ya msimu wa ligi ya NRL, michezo ambayo kwa pamoja huitwa mfululizo, na mchezaji haitwi na jimbo ilipo klabu yake bali na jimbo la asili yake. Ndiyo maana Cameron Smith, Billy Slater na Cooper Cronk walicheza miaka mingi Melbourne, ambako si Queensland wala New South Wales, na bado wakawa nguzo za Queensland.

Mijadala mingi ninayoisoma huanza na kuishia kwenye swali la nani yuko katika kiwango bora kwa sasa. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo jepesi zaidi, kwa sababu katika kila kikosi cha 17 majina 12 au 13 hujiteua yenyewe. Ugumu huja baada ya mchezo wa kwanza, hasa kwa kocha aliyefungwa, ambaye hupewa takriban wiki tatu za kusoma magazeti yanayomtaka amtimue huyu na kumwita yule, huku akijua kwamba akipoteza tena mfululizo umekwisha.

Tazameni mwaka 2006. Queensland ilikuwa imepoteza mifululizo mitatu kwa kufuatana, Mal Meninga alikuwa kocha mpya, na mchezo wa kwanza ukapotea kwa alama 17 kwa 16. Wapo waliotaka nahodha Darren Lockyer awekwe kando. Meninga hakuugusa uti wa mgongo wa timu: Lockyer, Johnathan Thurston na Cameron Smith walibaki. Mchezo wa pili waliushinda 30 kwa 6. Katika ule wa tatu, uliochezwa Melbourne, New South Wales walikuwa mbele 14 kwa 4 zikiwa zimesalia dakika chache, Thurston akapenya na kumtengenezea Brent Tate trai (bao la kuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli), kisha Brett Hodgson akarusha pasi iliyomkosa mwenzake, Lockyer akaudaka mpira uliokuwa ukidundadunda na kwenda kufunga. Matokeo yalikuwa 16 kwa 14, na huo ukawa mwanzo wa mifululizo minane ambayo Queensland waliishinda bila kukatika, kuanzia 2006 hadi 2013.

Katika miaka hiyohiyo New South Wales waliwapitisha kwenye nafasi mbili za hafu, yaani wale wanaopanga mashambulizi wakiwa na jezi namba 6 na 7, Peter Wallace, Jamie Soward, Todd Carney, James Maloney na Mitchell Pearce, bila kuwataja wengine. Kila kipigo kilizaa jina jipya. Msimamo wangu ni kwamba jimbo hilo halikukosa vipaji. Lilikosa subira ya kuziacha jozi zizoeane. Naomba michango.

#2 Jicho la Brisbane

Mkuu, nimeusoma uzi wako kwa makini, nami ninaishi katika jimbo hilohilo unalolisifia, lakini nadhani umelivisha sifa ya hekima jambo ambalo lilikuwa bahati ya kizazi. Ni rahisi sana kuwa mwaminifu kwa wachezaji wako endapo wachezaji hao ni Lockyer, Thurston, Smith, Slater na Greg Inglis. Kocha yeyote angewabakiza. Mtihani wa uaminifu ni kuwa na hafu wa kawaida, aliyefungwa mara mbili, na bado ukamrudisha.

Pili, umeruka mwaka 2025, na sidhani kama umeruka kwa kusahau. Queensland walipofungwa 18 kwa 6 hapa Brisbane katika mchezo wa kwanza, Slater, ambaye sasa ndiye kocha, hakufanya kama Meninga. Alimwacha nje nahodha wake mwenyewe, Daly Cherry-Evans, akampa Tom Dearden jezi namba 7 na unahodha akamkabidhi Cameron Munster. Siku habari zilipotoka, ghalani tunakofanyia kazi hakuna aliyepakia mzigo kwa nusu saa nzima. Mzee mmoja mwenye skafu ya rangi ya damu ya mzee, ile ya Queensland, ambaye huivaa hata siku za joto, alikuwa akirudia kwamba Queensland haimwachi nahodha wake katikati ya mfululizo, na kijana wa upande wa pili wa meza akamjibu kwamba Queensland pia haifungwi nyumbani kwa namna ile. Wote wawili walikuwa wakinukuu mila ileile. Halafu Queensland wakashinda mjini Perth 26 kwa 24, wakaenda Sydney wakamaliza kazi kwa 24 kwa 12. Sasa hiyo subira unayoihubiri iko wapi?

#3 Buluu Daima

Naomba niitetee New South Wales kidogo, maana humu tunazungumza kana kwamba jimbo hili lilikuwa likichagua wachezaji kwa kura ya kofia.

Huo mchezo wa kwanza wa 2006 ulishindwa na nani? Na Brett Finch. Mahafu waliokuwa mbele yake waliandamwa na majeraha, akaitwa dakika za mwisho kabisa, akafunga mkwaju wa nukta moja ulioleta ile 17 kwa 16. Miaka 13 baadaye, mwaka 2019, Nathan Cleary aliumia kabla ya mchezo wa mwisho, na kocha Brad Fittler akamrudisha Mitchell Pearce, mtu ambaye tangu 2008 alikuwa ameitwa, akafungwa, akalaumiwa, akaachwa na kuitwa tena bila kuonja ushindi wa mfululizo hata mmoja. Mchezo ulikuwa 20 kwa 20 na saa inakwisha. Pearce alishiriki kuupeleka mpira upande wa kulia, Blake Ferguson akakimbia ukingoni mwa uwanja, akaurudisha ndani, James Tedesco akafunga, na ikawa 26 kwa 20. Hakuna aliyepanga mambo hayo mwezi Mei.

Na ile ngome ya miaka minane ilivunjwa vipi mwaka 2014? Kocha wetu Laurie Daley aliwachukua Trent Hodkinson na Josh Reynolds, mahafu wawili wa klabu moja, Canterbury, ambao hakuna aliyewaona kuwa nyota wakubwa. Walishinda mjini Brisbane 12 kwa 8, kisha mjini Sydney 6 kwa 4, na trai pekee ya New South Wales usiku huo aliifunga Hodkinson, ambaye pia ndiye aliyepiga mkwaju wa ziada. Mimi nasema kiwango na mazoea ya klabu vina uzito kuliko kumbukumbu za jezi.

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu Buluu Daima, mfano wako wa 2014 unaunga mkono hoja yangu kuliko unavyoipinga. Daley hakuchagua mtu mmoja mwenye kiwango na mwingine mwenye jina, akatarajia wafahamiane kambini kwa siku chache. Alichagua jozi iliyokwisha kuzoeana. Jambo lililonisikitisha ni yaliyofuata. Mwaka 2015 jozi hiyo ikavunjwa, Reynolds akatoka na Pearce akarudi kuwa mwenzake Hodkinson, na mchezo wa kuamua ukaisha kwa New South Wales kufungwa 52 kwa 6. Sisemi kwamba Reynolds angezuia alama 52. Nasema hatukupata nafasi ya kujua jozi ile ingekua kuwa nini.

Kwa Jicho la Brisbane, suala la 2025 sijalikimbia, na nitalirudia, kwa sababu linastahili zaidi ya aya moja. Kwanza naomba tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani kumwondoa mchezaji kama adhabu ya matokeo na kumwondoa kwa sababu namna ya kucheza inabadilika. Mwaka 2024 Michael Maguire, kocha wa New South Wales, alifungwa 38 kwa 10 jijini Sydney, baada ya mchezaji wake Joseph Suaalii kutolewa uwanjani dakika za mwanzo kwa kumgonga Reece Walsh kichwani. Timu iliyocheza pungufu kwa zaidi ya saa moja haitoi ushahidi mwingi kuhusu hafu wake, lakini Nicho Hynes aliondolewa na Mitchell Moses akaingia. Wengi waliona Hynes ameonewa. Mimi naona Maguire alitafuta mpigaji wa mateke marefu, wa kuwarudisha Queensland kwenye kona zao, na kwa Moses alikipata alichokitaka: 38 kwa 18 Melbourne, kisha 14 kwa 4 Brisbane, mahali ambapo New South Wales hawakuwa wameshinda mchezo wa kuamua tangu 2005.

#5 Buluu Daima

Hapo kuna mlango wa nyuma, mkuu. Mabadiliko yakizaa ushindi unasema yalikuwa na sababu za kiufundi; yakizaa kipigo unasema yalikuwa adhabu. Kwa kipimo hicho huwezi kukosea kamwe.

#6 Mama Raga

Naomba niingize suala ambalo wanaume humu mmeliruka, kana kwamba orodha ya wanaostahili kuteuliwa imeshuka kutoka mbinguni. Kabla ya kuuliza nani ateuliwe, tuulize nani ana haki ya kuteuliwa.

Mfumo mzima ulizaliwa na malalamiko ya uteuzi. Zamani mchezaji aliwakilisha jimbo alikochezea klabu, na kwa kuwa klabu za Sydney zilikuwa na fedha, vijana wa Queensland walihamia huko na kisha kurudi kuwafunga ndugu zao. Tarehe 8 Julai 1980, pale Lang Park, uwanja wa Brisbane, Queensland waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwaita watu wao, wakamkabidhi unahodha Arthur Beetson, aliyekuwa na umri wa miaka 35 na ambaye klabu yake, Parramatta, ilikuwa imemshusha hadi kikosi cha akiba. Kwa vigezo vya kiwango anavyovipenda Buluu Daima, Beetson asingeitwa. Queensland walishinda 20 kwa 10, na Mal Meninga, aliyekuwa akitimiza miaka 20 siku hiyohiyo, akapiga mikwaju saba na yote saba ikaingia.

Lakini neno hilo la asili lilitanuka jinsi wakubwa walivyotaka. Inglis alizaliwa Kempsey, ndani ya New South Wales, akaichezea Queensland na kuifungia trai 18, rekodi iliyowauma watu wa Sydney kwa sababu mbili. Mwaka 2012 New South Wales nao wakamwita James Tamou, aliyezaliwa New Zealand, na kelele zikahamia upande wa pili. Mwaka huohuo kanuni ikakazwa, kwamba mchezaji awe amezaliwa ndani ya jimbo au ameishi humo kabla ya kutimiza miaka 13, au awe mtoto wa baba aliyewahi kucheza Origin. Mimi naiona kanuni hiyo kuwa ya haki, ingawa sehemu ya baba inanipa shaka, maana inageuza asili kuwa urithi.

Na kuna wale wanaobeba jezi mbili bila kulaumiwa. Brian To'o, Jarome Luai na Stephen Crichton ni wa New South Wales katikati ya mwaka, lakini katika Kombe la Dunia la 2022 waliichezea Samoa, na ni mkwaju wa Crichton uliowatoa England katika nusu fainali, 27 kwa 26, hadi wakakutana na Australia katika fainali, uwanjani Old Trafford. Kocha wa Australia anapopanga kikosi siku hizi hawezi kudhani kwamba kila aliyeng'ara katika Origin anamsubiri yeye, na tangu Andrew Fifita alipoichagua Tonga badala ya Australia mwaka 2017 hilo linajulikana.

#7 Mwalimu wa Raga

Nimefundisha raga ya wachezaji 15 kwa muda, na jambo linalonivutia katika vikosi hivi ni watu kuchezeshwa nje ya nafasi zao. Mwaka 2020 New South Wales walimweka Clint Gutherson, beki wa mwisho wa klabu yake, katika nafasi ya senta, yaani beki anayecheza kati ya hafu na winga, wakafungwa 18 kwa 14 pale Adelaide, na lawama nyingi zikaelekezwa huko. Mwaka uliofuata kocha yuleyule akamchukua Tom Trbojevic na Latrell Mitchell, ambao wote wawili ni mabeki wa mwisho katika klabu zao, akawaweka wote senta. Matokeo ya Townsville yalikuwa 50 kwa 6, na Trbojevic akafunga trai tatu.

Watu husema kwamba hii inathibitisha kuwa vipaji hucheza popote. Mimi sikubaliani. Senta hukabiliwa na maamuzi ya ulinzi ambayo beki wa mwisho hayakuti: mpira unapofika kwa hafu wa wapinzani, senta ana chini ya sekunde moja ya kuamua kama anaingia ndani kumfuata mkimbiaji au anabaki nje na winga wake, na akikosea pengo linaonekana hadi jukwaani. Mwaka 2021 Nathan Cleary na Luai, mahafu wawili wa Penrith, waliutawala mpira kiasi kwamba swali hilo halikuulizwa mara nyingi. Ukiwa na mpira muda mwingi unaweza kumficha mtu asiyezoea nafasi yake. Ukiukosa huwezi.

#8 Jicho la Brisbane

Kabla mwanzisha uzi hajajibu, naongezea ushahidi unaotusumbua sote. Mwaka 1995 wachezaji waliosaini na Super League, ligi mpya iliyojitenga, hawakuteuliwa, jambo lililoiondolea Queensland nyota wa Brisbane Broncos. Kocha wao Paul Vautin akachukua kundi la majina yasiyojulikana, akiwemo Ben Ikin mwenye miaka 18, na wakashinda michezo yote mitatu, wa kwanza kwa 2 kwa 0. Mwaka 2020 kikosi cha Wayne Bennett kilibezwa magazetini kuwa dhaifu kuliko vyote vya Queensland, nacho kikachukua mfululizo. Bennett huyohuyo, mwaka 2001, aliuona mchezo wa kuamua unakaribia, akamrudisha Allan Langer kimyakimya kutoka Warrington, Uingereza, akiwa na miaka 34, na Queensland wakashinda 40 kwa 14. Chipukizi, wasiojulikana, wazee: wote walishinda. Sasa kanuni ya uteuzi ni ipi?

#9 Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa michango, hasa ya Mama Raga, ambaye mfano wake wa Beetson nitauhifadhi. Nianze na kombora la Buluu Daima, kwamba kipimo changu hakiwezi kukosea. Ni shutuma ya haki kama kipimo kinatumika baada ya matokeo, kwa hiyo napendekeza tuangalie jambo linaloonekana kabla ya mchezo: je, anayeingia alikuwa akiandaliwa ndani ya timu, au ameokotwa kwa sababu ya wiki mbili nzuri katika klabu?

Mtazameni Cronk. Aliingia Queensland mwaka 2010 akitokea benchi, kwa kuwa Lockyer na Thurston walikuwa mbele yake, na katika timu nyingine yoyote watu wangesema anapotezewa muda. Lockyer alipostaafu 2011, Thurston alisogea namba 6 na Cronk akachukua namba 7 bila mtikisiko, na mwaka uleule wa 2012 mkwaju wake wa mbali ndio ulioamua mfululizo kwa 21 kwa 20. Jezi namba 14, ile ya mtu wa benchi anayeweza kuziba nafasi kadhaa, kwa Queensland ilikuwa darasa. Kwa New South Wales, mara nyingi mno, ilikuwa zawadi ya kumtuliza mtu aliyekosa kikosi cha kuanza.

Sasa turudi 2025. Dearden hakuokotwa. Katika ule mchezo wa kwanza alikuwa benchi, kambini alikuwa amekaa na Munster, na alikuwa na kasi ya kukimbia na mpira ambayo Cherry-Evans, akiwa na miaka 36, hakuwa nayo tena. Slater alibadili nahodha, na hilo lilitikisa jimbo, lakini hakubadili namna Queensland inavyorithisha nafasi. Ndiyo maana naliona tukio hilo kuwa karibu zaidi na Cronk wa 2012 kuliko na msururu wa mahafu wa New South Wales.

Kuhusu Langer, ndugu wa Brisbane, huyo alikuwa ameichezea Queensland kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichokuwa kigeni ni safari ya ndege tu.

#10 Buluu Daima

Nimekusoma, na sehemu ya Cronk nakuachia. Lakini kule Perth, Queensland waliongoza 26 kwa 6 hadi mapumziko, kisha wakaponea chupuchupu kwa alama mbili, huku New South Wales wakiwa wamefunga trai nyingi kuliko wao na kukosa mikwaju. Mpigaji wetu angekuwa na usiku wa kawaida, leo mngekuwa mnaandika kwamba Slater alimtoa nahodha wake kafara. Na nakuuliza moja kwa moja, kwa kipimo chako hichohicho cha kabla ya mchezo: mwaka 1996 New South Wales walitumia wachezaji walewale 17 katika michezo yote mitatu chini ya Phil Gould na kushinda yote. Kama subira ni mila ya Queensland, sisi tuliisahau mwaka gani?

#11 Mwanzisha uzi

Swali zuri, mkuu, na jibu langu ni mwaka 2006, katika wiki tatu zilizofuata ule mkwaju wa Finch. Mlishinda kwa hafu aliyeitwa dakika za mwisho, na tangu hapo naona wateuzi wenu wakiamini kwamba namba 7 anaweza kupatikana popote, wakati wowote. Aliye na kumbukumbu za vikosi vya 2007 na 2008, mchezo kwa mchezo, aviweke hapa tuvipime.